Kutibiwa kwa Simu Bila Kuanikwa: Mwongozo kwa Wenzangu wa LGBTI na Wengine Walio Pembezoni, Kenya

Simu ilikuwa juu ya televisheni, imechomekwa chaji, kioo kimeangalia juu. Mwenyewe yuko bafuni. Ujumbe ukaingia, kioo kikawaka, na shangazi yake aliyekuwa akichambua mchicha pale sebuleni akasoma kabla hata hajakusudia kusoma: jina la kijana, jina la kliniki, na sentensi inayosema kesho ni siku ya kuchukua PrEP. Shangazi hakujua PrEP ni kitu gani. Akamuuliza binti yake, binti akauliza Google: ni dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Kufikia magharibi nyumba nzima ilikuwa na maelezo yake, na kijana usiku ule alilala kwa rafiki ng'ambo ya feri.

Mimi ni mwelimishaji rika Mombasa. Katika visa vyote vya kuanikwa vilivyonipitia mikononi, sijakutana na hata kimoja kilichofanywa na mdukuzi aliyejifungia chumbani na kompyuta tatu. Walioanika watu ni shangazi, fundi simu, mpenzi wa zamani, ndugu aliyeazima simu apige mara moja tu, na admini wa kundi la WhatsApp aliyebonyeza pasipo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia karibu, kwenye kioo cha simu, kisha unakwenda mbali polepole hadi kwenye kompyuta za serikali. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakesha tukiogopa serikali, na simu yenyewe haina hata namba ya siri.

Nimewaandikia wenzangu wa LGBTI, yaani wasagaji, mashoga, wapenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na huntha (waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyoangukia upande mmoja), lakini dada anayefanya kazi ya ngono Mtwapa, anayetumia methadoni ili kuacha heroini, mkimbizi wa Kakuma na yeyote anayeishi na VVU atayakuta mambo yake humu.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa

Zamani tulikuwa na daisi. Ndivyo tunavyoviita vituo vyetu vya jamii, ambako ulijulikana kwa jina ulilochagua, ukapimwa, ukapewa dawa, kondomu na kilainishi, ukanywa chai ukaenda zako. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya wiki chache vituo vingi vikafunga milango. Wateja wakaelekezwa hospitali za serikali. Nesi tuliyezoea kumnong'oneza sasa yuko kwenye WhatsApp, vikumbusho vya kliniki vinakuja kwa ujumbe mfupi, na majina yetu yameingia kwenye mifumo ambayo zamani tuliingizwa kwa msimbo tu, bila jina. Huduma imekuwa rahisi kuifikia ukiwa kitandani. Kuvuja nako kumekuwa rahisi vilevile.

Kabla ya hatua yoyote: unasimama wapi kisheria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uoga mwingi unatokana na kuchanganya mambo mawili.

Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vinachokataza ni matendo ya ngono, yale yanayoitwa "kinyume cha maumbile" na yale kati ya wanaume. Kuwa shoga, msagaji au mtu aliyebadili jinsia si kosa humo, wala kuumwa, wala kumwambia daktari ukweli ili akutibu. Haki ya matibabu iko kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 43, na inaanza na maneno "kila mtu". Ibara ya 31 inalinda faragha, nayo imetaja wazi kwamba habari za familia ya mtu au mambo yake ya ndani zisitakiwe wala zisifichuliwe bila ulazima. Soma tena: *zisitakiwe*. Yaani hata kuulizwa tu bila sababu ya matibabu kunagusa haki yako. Mtu wa mapokezi anayetaka kujua unalala na nani ili akupe kadi ya kuingia hana la kusimamia.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hii inaziweka hali ya afya na mwelekeo wa kimapenzi pamoja kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Na kuna ile ya VVU na UKIMWI ya 2006, inayokataza kumlazimisha mtu kupima na kutoa majibu yake kwa mwingine bila idhini, nje ya hali chache zilizotajwa.

Sheria hizi zimepigwa msasa mahakamani. Februari 2015 ilitoka amri ya rais ya kukusanya majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU pamoja na wazazi wao. KELIN, shirika la mawakili wa haki za afya, likaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema amri ile inavunja Katiba. Na hapa kwetu Pwani, wanaume wawili walikamatwa Ukunda mwaka 2015 wakalazimishwa kupimwa sehemu ya haja kubwa ili wapatikane na "ushahidi". Wakashindwa Mahakama Kuu mwaka uliofuata. Hawakukata tamaa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, ikasema vipimo vile ni kinyume cha Katiba. Mhudumu wa afya akikuambia leo kwamba polisi wamemwagiza akupime hivyo, hukumu hiyo ndiyo jibu.

Pamoja na hayo, usiandike kwenye chati ya WhatsApp neno ambalo usingependa lisomwe kortini. Daktari anahitaji dalili, tarehe na aina ya tendo. Jina la uliyekuwa naye, picha yake na mahali mlipokuwa havimsaidii kukutibu.

Hatua ya 1: Laini ni ya nani?

Piga \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha jiulize kinyume chake: laini unayotumia kliniki imesajiliwa kwa jina la nani? Vijana wengi na wakimbizi karibu wote wanatumia laini ya mtu mwingine, ya mama, ya mwenye nyumba, ya mpenzi. Mwenye kitambulisho anaweza kwenda dukani siku moja akasema laini imepotea, akapewa mpya yenye namba ileile. Kuanzia dakika hiyo ujumbe wa kliniki ni wake, na namba za kuthibitisha WhatsApp ni zake pia. Mapenzi yakiisha, hiki ndicho huwa cha kwanza kufanyika.

Jambo la pili watu hawalifikirii: namba uliyoitupa haifi. Ikikaa muda bila kutumika, kampuni humpa mteja mwingine. Nimewahi kupiga namba ya mteja wetu kumkumbusha dawa, akapokea mzee mmoja mwenye sauti nzito akiniuliza mimi ni nani na dawa za nini. Nilisema nauza dawa za kupanda mahindi. Ukibadilisha namba, kliniki iwe ya kwanza kuambiwa, kabla ya marafiki.

Kama una mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, bado unapata huduma nyingi kwa ujumbe mfupi na kwa kubonyeza nyota na reli. Jua tu kwamba ujumbe mfupi haufungwi njiani kama WhatsApp, na hubaki kwenye simu mpaka uufute. Futa kwenye kikasha, na kwenye uliotumwa pia.

Hatua ya 2: Kioo, na Gmail ya kaka

Weka namba ya siri ya tarakimu sita, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Alama ya kidole ni rahisi kutumia, lakini mtu anaweza kukushika mkono ukiwa usingizini, na wapo waliofanyiwa. Kisha nenda kwenye mipangilio ya arifa, chagua maandishi yasionekane wakati simu imefungwa. Ni dakika moja, na ingemwokoa yule kijana.

Alichofanya baadaye kilinifurahisha. Aliiomba kliniki ibadilishe maneno ya ujumbe wake, wakakubali. Siku hizi anaandikiwa, "Nguo zako ziko tayari, njoo kesho." Shangazi hulalamika tu kwamba huyo fundi cherehani anamla pesa. Kliniki nyingi zinaweza kufanya hivi zikiulizwa: kubadilisha maneno, kuondoa jina la kituo, kupiga saa fulani tu, au kutotuma kabisa. Uliza, na uangalie inaandikwa kwenye faili.

Sasa lile kubwa. Simu yako ya Android ilipofunguliwa mara ya kwanza, nani alitengeneza akaunti ya Google? Kama ni kaka, au yule wa dukani aliyekuuzia, basi nenosiri analijua yeye, na pengine akaunti hiyohiyo iko kwenye simu yake. Picha zako zinapakiwa huko. Ulichotafuta mtandaoni kinaonekana huko. Mahali ulipo panaonekana huko. Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyeapa kwamba mume wake wa zamani amemroga, maana alijua kila kliniki anayokwenda. Tulipofungua mipangilio tukakuta akaunti ni ya mume. Fungua akaunti yako mpya, hamishia majina ya simu, kisha ile ya zamani iondoe kwenye simu kabisa. Usitosheke na kubadilisha jina linaloonekana.

Simu ikiharibika, usimpe fundi ikiwa wazi ukaenda kula. Kaa pale. Kama lazima uiache, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako vyote fundi anapofanya kazi. Fundi akidai namba ya siri kwa ajili ya kubadilisha kioo tu, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 3: WhatsApp

Tukubali, tutaendelea kuitumia kwa sababu kila mtu yuko huko. Basi fanya hivi. Kwenye mazungumzo na nesi, washa ujumbe unaotoweka. Chaguo ni saa 24, siku 7 au siku 90, nami nashauri siku 7 ili upate muda wa kurudia maelekezo ya dawa. Funga mazungumzo hayo yaende kwenye sehemu iliyofichwa, inayofunguka kwa kidole au kwa neno la siri. Angalia vifaa vilivyounganishwa: ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe papo hapo. Zima picha kujihifadhi zenyewe kwenye matunzio, la sivyo picha ya kipele uliyompigia daktari itakutana na picha za harusi ya binamu.

Ujumbe kutoweka hakumzuii mtu kupiga picha ya kioo chake. Hilo halina dawa ya kifundi.

Ujumbe wa sauti ndio unaoniudhi kuliko yote. Watu wanaupenda, ni mwepisi, lakini sauti ni wewe mtupu, na wa upande wa pili ataufungua kwa spika ndani ya matatu. Andika.

Makundi ni suala jingine. Ukiingia kundi la WhatsApp, namba yako inaonekana na wote mia mbili, na kundi lenye jina la wazi linamuanika kila aliyemo. Kama wewe ndiye unayeendesha huduma, tumia orodha ya kutangaza ambapo hakuna anayemwona mwenzake, au hamieni Signal, ambako tangu 2024 mtu anaweza kutumia jina na kuficha namba. Kundi likibaki la WhatsApp, lipeni jina la kawaida kama la chama cha akina mama, na mteja mpya asiingizwe hadi mtu mnayemwamini akutane naye uso kwa uso. Nimeona kundi zima likipigwa picha na aliyejifanya anatafuta PrEP, kisha watu sita wakaanza kudaiwa pesa mmoja baada ya mwingine.

Kwenye programu za kutafutana wapenzi, sehemu ya kujaza hali ya VVU iache tupu. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba Grindr ilikuwa ikizipa kampuni nyingine mbili taarifa hizo za watumiaji wake, na mwaka 2021 mamlaka ya Norwei ikaitoza faini ya kroni milioni 65 kwa kuwapa watangazaji taarifa za watu bila idhini halali. Hali yako mwambie mtu kwa mdomo, ukiamua.

Hatua ya 4: Kaunta, na maswali ya kuuliza kabla hujajibu

Unapoandikishwa, mhudumu anaangalia kompyuta na anauliza haraka haraka. Mpunguze mwendo. Mimi humfundisha mteja aseme hivi, kwa adabu, kwa sauti ya chini:

"Sista, samahani. Kabla sijajibu, naomba nielewe. Hii inaingia kwenye mfumo gani? Nani mwingine anaweza kuifungua? Na nisipojibu hili, nitakosa huduma?"

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Jibu la kweli, kwa maswali mengi, ni hapana. Kundi unalowekwa, yaani kama wewe ni mwanaume anayelala na wanaume, anayefanya kazi ya ngono au anayejidunga, ni la hesabu za mradi. Linasaidia mipango, sikatai, na mara nyingine linakufungulia vipimo ambavyo wengine hawapewi. Lakini linatakiwa kwa idhini yako, na lisiandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili.

Alama za vidole zilishaleta mvutano. Serikali na wafadhili walipotaka kuzitumia kwenye utafiti wa VVU kwa makundi yetu, mitandao ya jamii ilikataa: sheria zinazotutia hatiani zipo, na kidole hakibadilishwi kama nenosiri. Wasiosadiki kwamba rejista ya serikali huvuja wakumbuke Singapore, Januari 2019, ambako taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zilimwagwa mtandaoni.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: jisajili, maana ukivunjika mguu utaihitaji. Unaweza kupitia \*147#. Angalia namba ya simu iliyowekwa iwe yako. Kama umeandikwa chini ya mzazi au mwenzi, fikiri ujumbe wa uthibitisho utafika kwa nani siku utakapotibiwa. Na dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) katika vituo vya umma ni bure. Ukiambiwa hupewi mpaka ulipie, omba kuonana na msimamizi wa kliniki.

Hatua ya 5: Kumwona daktari kwa simu

Mtafute kwanza kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo iko wazi mtandaoni. Ukurasa wa Facebook wenye picha ya koti jeupe hautoshi. Wapo wanaojiita madaktari wa jamii yetu, wanaomba picha za sehemu za siri "kwa uchunguzi", kisha wanaomba elfu ishirini ili wasizitume kwa mama yako. Daktari wa kweli atakupa jina kamili na namba ya usajili bila kununa. Kama picha ya kidonda inahitajika kweli, isiwe na uso, chale, shuka lenye maua linalojulikana wala dirisha nyuma.

Kaa mahali unaposikika na mmoja tu. Chumba kimoja cha watu watano? Tembea ufukweni au kaa kanisani mchana, pametulia. Malipo nayo: uliza jina la till (namba ya malipo ya M-Pesa) kabla hujatuma, kwa sababu ndilo litakalokaa kwenye ujumbe wa M-Pesa na kwenye taarifa ya akaunti utakayopeleka benki ukiomba mkopo.

Kuna jambo lisilongoja chati. Kondomu ikipasuka, au umebakwa, dawa ya dharura ya kuzuia VVU, yaani PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Unaimeza siku 28. Usikae ukimsubiri nesi awe mtandaoni. Nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa, sema "nimepata hatari ya VVU jana usiku, naomba PEP". Hulazimiki kueleza zaidi ya hapo ili uanze dozi.

Hatua ya 6: Kipimo cha nyumbani

Kujipima VVU kuliingia Kenya rasmi 2017. Cha mate unakisugua kwenye fizi, unasubiri dakika 20, na usikisome baada ya 40. Usile wala kupiga mswaki nusu saa kabla. Mistari miwili haijamaliza kesi. Lazima uthibitishe kliniki. Kama tayari unameza ARV, kipimo hiki hakikufai, na kwa anayetumia PrEP majibu yake yanaweza kupotosha. Baadhi ya huduma huomba umpigie kipimo picha: tuma jibu kwa neno, na kipimo chenyewe kifunge kwenye gazeti kabla ya kukitupa, mbali na pipa la plotini.

Hatua ya 7: Jina lako, jinsia yako

Kwa mtu aliyebadili jinsia, hatari iko kwenye ukumbi wa kungojea: mfumo unasoma kitambulisho, mhudumu anaita "Hassan!" na anasimama mtu aliyevaa dera na hina mikononi. Omba uitwe kwa namba au kwa jina la ukoo. Omba pia jina unalolitumia liandikwe kwenye sehemu ya maelezo, na useme wazi kwamba si lakabu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Basi kubadilishiwa kumbukumbu si hisani.

Kwa huntha mambo ni tofauti na mara nyingi yanachanganywa na yetu wengine. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 imewatambua watoto huntha. Mzazi, kama programu ya hospitali ina visanduku viwili tu, usikubali daktari aharakishe upasuaji ili fomu ijazike. Na wanafunzi wa udaktari wakiitwa waje "kuona", una haki ya kukataa, na kukataza picha.

Hatua ya 8: Omba kuona wanachokijua

Wachache mno hufanya hivi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakuruhusu kuona taarifa zako na kudai zilizokosewa zirekebishwe au zifutwe. Kanuni za 2021 zinakipa kituo siku 7 kukuonyesha, bila malipo, na siku 14 kurekebisha. Andika namna hii:

*Kwa msimamizi wa data. Mimi ni mteja wenu mwenye namba ya kliniki \_\_\_\_. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizo nazo, orodha ya watu na taasisi mlizowapa, na muda mtakaozihifadhi. Naomba mnijibu kwa baruapepe hii pekee. Msipige simu na msitume ujumbe mfupi.*

Sentensi mbili za mwisho usizisahau. Nakala ikija, soma kila ukurasa. Mteja wetu mmoja alikuta ameandikwa "mtoro wa dawa" kwa miezi minne ambayo alikuwa anachukua dawa kituo kingine; mifumo miwili haikuwa inaongea.

Hatua ya 9: Ukianikwa

Kwanza usalama, kisha haki. Kama nyumbani kumeshika moto, toka na kitambulisho, dawa za wiki mbili na chaja. Mambo ya ushahidi yafanye ukiwa mahali salama.

Halafu hifadhi ushahidi kabla haujafutwa: picha za kioo zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, na kiungo kamili cha ukurasa. Zitume kwa mtu mmoja unayemwamini, uzifute kwako. Usijibizane na anayekudai pesa, na usimlipe. Aliyelipwa elfu tano Jumatatu hurudi Alhamisi akitaka kumi.

Pa kulalamika panategemea aliyekuanika. Kama ni kliniki, programu, bima au kampuni, nenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kituo chenyewe, kikigundua uvujaji wenye hatari ya kweli kwa mtu, kinatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Kamishna anatakiwa kumaliza uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90, na sheria inaruhusu fidia hata kwa fedheha na mateso ya moyo. Ofisi ile inauma kweli: Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Kama picha ya mtu akijivinjari ina bei hiyo, fikiria majibu ya maabara.

Kama kilichotolewa ni hali yako ya VVU, kuna Baraza la VVU na UKIMWI (HIV and AIDS Tribunal), mahakama ndogo iliyoundwa na sheria ya 2006, nayo inaweza kuamuru ulipwe. Kama ni daktari aliyesema, baraza la taaluma yake lina uwezo juu ya leseni yake, na hilo humkosesha usingizi kuliko faini.

Shangazi je? Sheria ya data haimgusi mtu anayeshughulika na mambo ya kwake nyumbani, kwa hiyo huko ni kutafuta msuluhishi. Lakini mpenzi wa zamani anayesambaza picha za utupu anavunja kifungu cha 37 cha sheria ya makosa ya mtandao ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Polisi usiende peke yako. Pitia kwanza kwa mawakili wa NGLHRC, shirika la haki za mashoga na wasagaji, au KELIN, waandike nawe taarifa, maana maelezo ya haraka pale kaunta yanaweza kukugeuza wewe mshtakiwa.

Kwa wasomaji wa Uganda na Tanzania

Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya ushoga ilikuwa na wajibu wa kuripoti watu, na wahudumu wa afya wengi walitishika. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliuacha mwili wa sheria ile lakini ikaufuta wajibu huo. Mhudumu anayekuambia "lazima nikuripoti" yuko nyuma ya hukumu. Simu huko ichukuliwe kama hati ya kesi: ujumbe wa saa 24, bila bakapu.

Tanzania, sheria ya taarifa binafsi ilianza kazi Mei 2023 na ina tume yake ya malalamiko. Tangu mwaka 2016 kilainishi kilipopigwa marufuku na baada yake vituo kuzuiwa, wengi wanapata huduma kwa kupitia kliniki ya kawaida ya VVU bila kutaja kundi. Hatua za 1 hadi 3 zinafanya kazi Temeke kama zinavyofanya kazi Likoni. Kabla ya kutuma lalamiko popote, zungumza na mwanasheria wa huko, na umuulize jina lako litaandikwa wapi.